Uzi wa stadi za ekzosi umelika: stadi nene, koili, bushi, kuchomelea au hedi nyingine?

Hedi ya pikipiki (kichwa cha silinda) ni alumini, stadi ya ekzosi (bolti isiyo na kichwa inayoshikilia bomba la moshi) ni chuma, na kinachoviunganisha ni uzi wenye kina cha sentimita moja hivi. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, ikipoa hunywea, na hayo hujirudia kila safari. Juu yake kuna mtikisiko wa bomba zito, na pengine mkono wa fundi aliyekaza kupita kiasi miaka ya nyuma. Mwisho wake nati inazunguka bila kushika, na stadi ikivutwa inatoka na vipande vya alumini vimejiviringisha kwenye meno yake.

Kurudisha uzi huo kuna njia tano zinazofanyika karakana, na karibu kila fundi ana moja anayoiapia. Nitazipima zote kwa vigezo vilevile. Mfano wangu ni injini za ukoo wa Honda CG125, ile ya pushirodi (fito zinazosukuma valvu) iliyotoka mwaka 1976, kwa kuwa injini nyingi za Kichina zilizobeba bodaboda Afrika Mashariki zimetokana nayo. Hoja zenyewe zinafaa kwa injini yoyote kongwe ya silinda moja yenye hedi ya alumini.

Kabla ya kuchagua, pima

Stadi za ekzosi kwenye pikipiki ndogo za Kijapani na za Kichina mara nyingi ni M6 (unene wa milimita 6) zenye hatua, yaani umbali wa jino hadi jino, ya milimita 1, au M8 zenye hatua ya milimita 1.25. Usikisie kwa macho. Pima kwa vernia, na jaribu nati mpya kwenye stadi. Pikipiki kongwe za Uingereza huweza kuwa na uzi wa inchi, na ukilazimisha tapu (chombo cha kukatia uzi ndani ya tundu) ya milimita humo utaharibu hata kile kilichobaki.

Halafu tazama tundu. Je, limeishia ndani ya alumini, au limetoboka upande wa pili? Sikio linalobeba stadi lina unene gani kuzunguka tundu? Kuna ufa? Tundu bado ni duara, au stadi imelichezea mpaka likawa yai? Ingiza kijiti chembamba ndani upime kina. Majibu haya yanaamua mengi kuliko bei ya vifaa.

Kagua pia sababu. Kama mkono unaoshika ekzosi kwa nyuma umekatika au bolti yake imedondoka, uzito wote wa bomba unabebwa na stadi mbili za mbele, na uzi mpya utakwenda njia ya ule wa zamani. Gasketi ya ekzosi iliyokwisha hufanya hivyohivyo: watu hukaza na kukaza wakitafuta kuziba moshi unaovuja, na anayelipa ni uzi.

Vigezo

Cha kwanza ni nyama: njia hii itakula alumini kiasi gani kuzunguka tundu? Cha pili ni joto na nguvu, yaani itastahimili moto wa mlango wa ekzosi na kufunguliwa tena na tena? Cha tatu ni zana na mkono unaohitajika. Cha nne ni gharama, pamoja na siku ambazo pikipiki itasimama, kwani kwa mwendesha bodaboda siku ya kusimama ni siku isiyo na chakula. Cha tano ndicho ninachokipa uzito mkubwa: ikishindwa, umebakiwa na njia gani? Kila ukarabati hupanua tundu, na tundu halirudi kuwa dogo ila kwa kuchomelewa.

Vipimo vya njia tatu zinazotegemea kutoboa ni hivi, kwa milimita:

| Njia | Stadi M6: biti | Tundu baada ya uzi | Stadi M8: biti | Tundu baada ya uzi |
|---|---|---|---|---|
| Stadi nene | 6.0 (uzi M7×1) | 7.0 | 8.8 (uzi M10×1.25) | 10.0 |
| Koili | 6.3 | 7.3 hivi | 8.3 hadi 8.4 | 9.6 hivi |
| Bushi ya kukerezwa | 9.0 (uzi M10×1) | 10.0 | 10.8 (uzi M12×1.25) | 12.0 |

Kwa M6, stadi nene ndiyo inayokula kidogo kuliko zote. Kwa M8 mambo yanageuka: koili inakula kidogo kuliko stadi ya M10. Wengi hudhani kuongeza saizi ndiyo njia ya upole siku zote, na kwa M8 haiko hivyo.

1. Stadi nene yenye unene wa namna mbili

Unakata uzi mpya mkubwa zaidi kwenye hedi, kisha unakerezesha stadi ambayo upande wa hedi ni M7 na upande wa nati unabaki M6, ili flenji ya ekzosi (bamba la bomba lenye matundu ya stadi) isihitaji kupanuliwa.

*Nyama.* Tundu la M6 lililolika kabisa linakaribia milimita 6, na hiyo ndiyo biti ya M7. Kwa hiyo karibu hutoboi chochote, tapu pekee ndiyo inayokata. Ni njia nzuri sana kwa hedi yenye sikio jembamba.

*Joto na nguvu.* Uzi unabaki kwenye alumini, kwa hiyo udhaifu wa asili upo palepale. Unashika vizuri iwapo stadi itaingia na kukaa humo, na kazi ya kufungua na kufunga ikawa ya nati peke yake.

*Zana.* Tapu ya M7 haipatikani kila duka la vifaa, na stadi yenyewe lazima ikerezwe. Mwambie fundi wa mashine atumie bolti ngumu yenye alama 8.8 kichwani. Nondo laini itavutika.

*Gharama na muda.* Nafuu, na palipo na mkerezaji karibu kazi ni ya siku moja.

*Ikishindwa.* Bado una bushi, na kama nyama inaruhusu, koili ya M7. Hujafunga mlango.

Inamfaa aliye mbali na maduka ya vifaa maalumu lakini ana mkerezaji mjini, na yule ambaye ekzosi yake haifunguliwi mara kwa mara.

2. Koili ya uzi

Hii ndiyo inayoitwa kwa jina la chapa ya Helicoil hata inapotengenezwa na kampuni nyingine. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu, wenye umbo la msambamba ukiukata, uliosokotwa kama springi. Unatoboa kwa biti ya kiti chake, unakata uzi kwa tapu yake, kisha unaizungusha koili ndani. Upande wake wa ndani ni M6 au M8 ileile ya awali, kwa hiyo stadi ya kawaida ya dukani inaingia.

*Nyama.* Wastani kwa M6, ndogo kwa M8. Urefu ni jambo lingine. Koili inapendeza ikiwa na urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo, yaani milimita 9 kwa M6 na 12 kwa M8. Tundu likiwa fupi kuliko hapo, tafuta koili fupi. Usichimbe zaidi kwenda chini, kwa sababu mlango wa ekzosi uko karibu, na ukitoboka huko moshi utapita kwenye uzi.

*Joto na nguvu.* Uzi wa chuma unabeba vizuri kuliko alumini iliyokuwepo, kwa sababu mzigo unaenea kwenye tundu pana zaidi. Joto la mlango wa ekzosi haliisumbui. Udhaifu wake huja siku ya kufungua: stadi ikishikana na koili kwa kutu, unaweza kuitoa stadi na koili ikaja nayo. Mjini Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ya chumvi inakula chuma, jambo hili si la kubahatisha. Tumia nati za shaba na upake grisi ya shaba kwenye uzi wa nje, ili nati itoke na stadi ibaki.

*Zana.* Seti kamili ina biti, tapu, kifaa cha kuingizia na koili kadhaa. Tapu yake si tapu ya kawaida. Nimeona watu wakikata kwa tapu ya M7 wakijaribu kuingiza koili ya M6. Haikai, kwa kuwa kiti chake kinataka milimita 7.3. Koili iishie robo hadi nusu mzunguko chini ya uso wa hedi. Ulimi wake mdogo wa chini ukatwe kwa panchi, uondolewe kwa sumaku au kibano.

*Gharama na muda.* Seti ni ghali ukiinunua kwa tundu moja, ni rahisi ukiigawa kwa matundu mengi. Kazi yenyewe, hedi ikiwa mezani, haimalizi asubuhi.

*Ikishindwa.* Mara nyingi unaweza kuing'oa na kuweka nyingine kwenye kiti kilekile kama uzi wa alumini uko mzima. Kikiharibika, bushi bado inawezekana.

Inawafaa wengi: karakana inayopokea pikipiki nyingi, mwenye pikipiki anayetaka stadi za kawaida, na yeyote ambaye tundu lake bado ni duara na limenyooka.

3. Bushi

Bushi ni kipande kigumu chenye uzi nje na ndani. Za kiwandani, kama Time-Sert, zina ukuta mwembamba na huja na zana zake. Nyuzi zake za chini hutanuka kifaa cha kuingizia kinapopita, zikabana kwenye hedi. Za kukerezwa hufanywa kwa chuma au bronzi, na mkerezaji mzuri huzifanya vizuri kabisa.

*Nyama.* Hapa ndipo inapodai. Bushi ya kukerezwa yenye uzi wa ndani wa M6 haiwezi kuwa na uzi wa nje wa M8, kwa sababu ukuta ungebaki robo ya milimita. M10 ndiyo ya maana. Kama sikio la hedi lina upana wa milimita 14 tu, baada ya M10 umebakiwa na milimita 2 kila upande, na mimi nisingethubutu kwenda chini ya hapo.

*Joto na nguvu.* Imara kuliko zote za kutoboa. Stadi ikifunguliwa mara nyingi, bushi haitoki kama springi. Ile ya kukerezwa ifungwe kwa gundi ya uzi inayostahimili joto kali na ipigiwe senta panchi mara mbili au tatu ukingoni.

*Zana.* Drili ya kusimama ni lazima. Biti ya milimita 9 mkononi ikipinda kidogo tu, stadi itaegemea upande na flenji haitakaa sawa.

*Gharama na muda.* Ya kiwandani ni ghali na mara nyingi huagizwa. Ya kukerezwa inategemea foleni kwa mkerezaji.

*Ikishindwa.* Kinachofuata ni kuchomelea au hedi nyingine. Ndiyo maana sipendi kuanzia hapa pale ambapo koili ingetosha.

Inamfaa ambaye tundu lake tayari limepanuka au limekuwa yai, au stadi ilikatikia ndani na aliyejaribu kuitoa akatoboa pembeni. Bushi inasahihisha kitovu cha tundu. Koili inafuata tundu lilivyo.

4. Kuchomelea na kuchimba upya

Tundu linajazwa alumini kwa kuchomelea kwa gesi ya agoni, linasawazishwa, kisha linachimbwa na kukatwa uzi kama jipya.

*Nyama.* Ndiyo pekee inayorudisha nyama. Sikio lililopasuka au kumeguka halina tiba nyingine kwenye hedi hiyohiyo.

*Joto na nguvu.* Uzi wa mwisho ni alumini tena, na alumini iliyochomelewa huwa laini kuliko ilivyokuwa. Wachomeleaji makini huweka koili baada ya kujaza. Hatari kubwa iko wakati wa kazi. Hedi ikipashwa moto isivyo sawa hupinda, na viti vya valvu vinaweza kulegea. Lazima valvu na springi zitoke, na baadaye uso wa hedi ukaguliwe kwa rula iliyonyooka.

*Zana.* Mashine ya agoni na mtu anayeijua alumini kongwe. Hedi iliyonywa oili miaka 30 hutoa mapovu, na kuisafisha ni nusu ya kazi. Muulize akuonyeshe kazi yake ya alumini, maana mtu aweza kuwa bingwa wa mageti na asijue hedi.

*Gharama na muda.* Ongeza gasketi, kukagua valvu, pengine kusaga uso. Siku kadhaa.

*Ikishindwa.* Kama hedi ilipinda, umeipoteza.

Inamfaa mwenye hedi isiyopatikana tena.

5. Hedi nyingine

Kwa ukoo wa CG, hedi mpya zinapatikana kwenye maduka mengi ya vipuri. Kwa pikipiki adimu ya miaka ya 1970, unatafuta iliyotumika, na huenda nayo ina uzi uliolika.

*Nyama, joto na nguvu.* Ukipata nzuri, umerudi mwanzo. Ikague kabla ya kulipa: ingiza bolti kwa mkono kwenye kila tundu, tikisa valvu kwenye gaidi zake (mirija inayoziongoza), tazama uso wa gasketi.

*Zana.* Spana za kawaida na gasketi mpya. Injini ya pushirodi haina mnyororo wa taimingi wa kuhangaika nao.

*Ulinganifu.* Hapa watu hukosea sana. Soma namba iliyogongwa kwenye krankesi. 156FMI ni ya 125, yenye silinda ya milimita 56.5, 162FMJ ni ya 150, yenye milimita 62. Tarakimu mbili baada ya 1 zinataja upana wa silinda kwa kukadiria. Hedi ya moja haikusudiwi kwa nyingine hata kama zinafanana mezani.

*Ikishindwa.* Hedi ya zamani bado unayo, na unaweza kuitengeneza taratibu. Hilo ni faida ambayo hakuna njia nyingine inayokupa.

Inamfaa ambaye muda ni pesa, na hasa ambaye hedi yake ina matatizo mengine: gaidi zimelika, mapezi yamevunjika, uzi wa plagi umechoka.

Mbili nisizozipa nafasi

Gundi ya chuma haifai hapa. Gundi nyingi za aina hiyo hulainika kwa joto la mlango wa ekzosi, na mabaki yake huziba tapu ya fundi atakayekuja baada yako. Kupitisha bolti ndefu na nati kwa nyuma kunawezekana tu pale sikio lilipo wazi upande wa pili. Likiwa wazi kweli na bolti isiguse mapezi, ni suluhisho la heshima.

Kazi yoyote utakayochagua

Hedi ikitolewa, kazi huwa nzuri zaidi, kwa sababu bomba la mbele la fremu huzuia drili kunyooka. Ukilazimika kufanya ikiwa kwenye injini, zungusha injini mpaka pistoni iwe juu na valvu zote mbili zimefungwa, uzibe mlango kwa kitambaa chenye grisi ili chembe zisiingie. Zungusha tapu kwa mkono, mbele nusu mzunguko, nyuma robo, ukitia mafuta ya taa, ambayo alumini inayapenda.

Wakati wa kufunga, weka gasketi mpya, ingiza nati za mbele kwa vidole, funga mkono wa nyuma bila kukaza, kisha kaza za mbele kwa zamu na umalizie nyuma. Kama kitabu cha pikipiki yako hakisemi tofauti, M6 inatosha kwa Nm 10 hivi na M8 kwa Nm 20 hivi. Nm 10 ni sawa na kuvuta kwa uzito wa kilo 10 mwishoni mwa spana ya sentimita 10, yaani kidogo kuliko mkono unavyotamani.

Kwa hali yako

Bodaboda ya 125 au 150 ya Kichina, inatakiwa kurudi barabarani kesho, na hedi ina dalili nyingine za uchovu: nunua hedi, linganisha namba. Kama hedi ni nzima na uzi wa stadi moja tu ndio uliolika, koili, na ujaribu uzi wa stadi ya pili kabla hujafunga.

Uko wilayani, seti ya koili haipatikani, mkerezaji yupo, na stadi ni M6: stadi ya M7. Ikiwa ni M8 na sikio ni nene, M10 inakubalika. Likiwa jembamba, subiri seti ya koili ije na basi kutoka mjini, na hakikisha moshi hauvuji kuelekea mguuni mwako wakati unasubiri.

Stadi ilikatikia ndani na tundu sasa limepinda: bushi kwenye drili ya kusimama, baada ya kupima sikio.

Pikipiki ya mzee, hedi haipatikani, sikio limepasuka: agoni, kwa mtu uliyeiona kazi yake, kisha koili ndani ya alumini mpya. Na kama sikio halijapasuka, koili kwanza, hata kama mchomeleaji ni jirani yako.